Mwali Asitolewe Ndani Kabla ya Siku Zake

Katika toleo lililopita la gazeti letu hili, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aliuliza swali lililowachekesha wengi. Aliuliza kwa nini shule iweke tangi la kioo katika maabara, ilijaze lita mia mbili za maji ya bahari, iliwashie umeme mchana na usiku, na ndani yake pasiwe na samaki. Alisema amekwenda kutazama mara nne, na mara zote nne alichokiona ni mawe, mchanga, na vile visamaki vitatu vyenye mistari ambavyo kila mtoto wa pwani amekwisha kuviona. Huyo samaki mgeni aliyesifiwa sana kwenye mkutano wa asubuhi yuko wapi? Au ni samaki wa kwenye karatasi?

Mimi ni mmoja wa wanafunzi watano tuliopewa kazi ya kulitunza tangi hilo, kwa hiyo swali hili lanihusu. Ningeweza kumjibu kwa neno moja tu, kwamba samaki yumo. Lakini naona wako wengi wanaouliza hivyo hivyo kwa sauti ya chini, hata baadhi ya waalimu, na hata wazazi waliochanga fedha za kununulia kioo na pampu ya hewa. Tena muhula huu tunategemea kupata samaki mwingine, naye atafika juma moja tu kabla ya Siku ya Wazazi. Kwa hiyo si jambo la kucheka tukaliacha. Maoni yangu, nayatoa wazi, ni kwamba samaki mgeni aachwe ajifiche kwa muda autakao mwenyewe, na kwamba mtu yeyote asiondoe jiwe, asiwashe taa, wala asigonge kioo ili amwone, hata kama mtu huyo amekuja kutoka mbali na amevaa tai.

Kwanza nimweleze samaki mwenyewe. Kwa jina la kitaalamu aitwa Nemateleotris magnifica, jina alilopewa na Mmarekani Henry Weed Fowler mwaka 1938. Jina ni refu kuliko samaki, maana hata akikua sana hafiki sentimita kumi. Anaishi tangu pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki mpaka visiwa vya mbali vya Pasifiki. Upande wa mbele ni mweupe, kisha weupe ule wageuka kidogo kidogo kuwa rangi ya chungwa, kisha nyekundu, na mkiani unakuwa mweusi-mweusi kama kuni inayozimika. Mgongoni ana mwiba mmoja mrefu anaouchezesha juu na chini. Kwa ajili ya rangi hizo tulimwita Mwali, yaani mwali wa moto. Wasichana wa darasa letu walipolisikia jina hilo wakacheka, kwa sababu mwali ni pia yule binti awekwaye ndani, asionekane na watu mpaka siku zake zitimie. Ikawa jina moja limemfaa mara mbili.

Huko baharini Mwali hakai juu juu. Aghalabu huwa kwenye kina cha meta sita na zaidi, mahali penye mchanga na vipande vya matumbawe, na kila mmoja ana tundu lake. Huelea karibu na tundu, kichwa kikielekea mkondo, akidaka vidudu vidogo vinavyoletwa na maji. Kivuli kikipita, huingia tunduni kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata: alikuwapo, hayupo. Ndiyo silaha yake pekee. Hana sumu ya kuogopwa, hana meno ya kuumiza, wala hana mbio za kwenda mbali. Basi mtu akisema kwamba samaki huyu ana kasoro kwa kuwa anajificha, ni sawa na kusema kobe ana kasoro kwa kuwa anaingiza kichwa.

Sasa yanipasa kueleza habari ya samaki wa kwanza, kwa kuwa wengi hawaijui, na wachache wanaoijua wamenihurumia wasiiseme.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2023. Mzamiaji mmoja mwenye leseni, anayefahamiana na mwalimu wetu wa Biolojia, alituletea Mwali wa kwanza siku ya Ijumaa jioni katika mfuko wa plastiki. Kesho yake ilikuwa Siku ya Wazazi. Tuliuelea mfuko juu ya maji kama dakika kumi, tukaona yatosha, tukaukata na kumimina vyote, samaki na maji yake. Taa zote zilikuwa zinawaka. Darasa zima lilikuwa limezunguka kioo, na walioko nyuma walipanda juu ya viti. Samaki akaruka nyuma ya bomba la chujio, akakaa huko.

Jumamosi asubuhi hakuonekana. Wageni walikuwa wameanza kuingia langoni. Mimi nikatia mikono ndani ya tangi nikaondoa mawe mawili makubwa, ili asiwe na pa kwenda. Kisha nikatoa kifuniko, kwa sababu mvuke ulitia ukungu na watu walitaka kupiga picha kwa simu zao. Hakika walimwona. Alikuwa pembeni, amekunja mwiba wake, rangi imepauka, mashavu yanapanda na kushuka upesi upesi. Baba mmoja aliniambia, "Mwanangu, kazi nzuri." Nilifurahi sana. Usiku ule nililala bila kukumbuka kifuniko.

Jumapili tulimkuta sakafuni chini ya benchi, amekauka, sisimizi wamekwisha kufika. Samaki wa aina hii akishtuka na akakosa tundu, huruka juu, na juu hapana maji. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa utepe wa kupimia akaniambia nipime kutoka tangini hadi pale alipolala, niandike kwenye daftari la maabara. Ilikuwa meta 1 na sentimita 20. Daftari lingalipo kabatini, ukurasa wa tatu, kwa hati yangu.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kujua kwa nini mambo tunayoyaona madogo sisi ni makubwa kwake. Wale wanaogonga kioo kwa kidole husema, "Nimegusa tu." Lakini sauti katika maji huenda kiasi cha meta 1,500 kwa sekunde, na hewani ni kama meta 340 tu, yaani majini yaenda zaidi ya mara nne. Tena samaki hasikii kwa masikio ya ndani peke yake. Ubavuni ana mstari wa viungo vidogo vinavyohisi kila mtikisiko wa maji, na kwa njia hiyo hujua kwamba kitu kikubwa kimesogea hata kama hakioni. Kidole chako kwenye kioo kwake ni mlango unaobishwa na jitu, naye hana mlango wa pili wa kutokea.

Na taa nayo! Baharini mchana hauji kwa ghafula. Jua hupanda polepole. Katika maabara yetu swichi moja hugeuza usiku kuwa adhuhuri. Mtu anayeingia saa tatu usiku kuchukua kitabu alichosahau, akawasha taa sekunde tano akazima, hajui alichokifanya. Namsamehe kwa kuwa hajui, lakini nimebandika kibao juu ya swichi, na atakayekitoa tena nitamtaja.

Hofu yenyewe ina kazi yake mwilini. Samaki anapotishwa mwili wake hutoa homoni iitwayo kotisoli, kama ilivyo kwetu sisi. Kwa muda mfupi homoni hiyo humsaidia kutoroka. Lakini hofu ikidumu siku baada ya siku, hupunguza hamu ya kula na kudhoofisha nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi. Hapo ndipo ugonjwa wa madoadoa meupe, unaoletwa na kijidudu kiitwacho Cryptocaryon irritans, upatapo nafasi. Watu husema samaki amekufa kwa ugonjwa. Kweli, lakini ugonjwa uliingia kwa mlango ambao sisi tuliufungua.

Samaki wa pili, yaani huyu ambaye mwenzetu wa Kidato cha Pili hakumwona, alifika Machi 2025. Safari hii tulikuwa tumejiandaa muda wa majuma sita. Tulikwenda kuchota maji wakati wa maji kujaa, mbali na mdomo wa mto, kwa sababu karibu na mto chumvi hupungua, hasa mvua zikinyesha. Tulipima uzito wa maji kwa haidromita mpaka ikasoma 1.025. Tulingoja bakteria wazuri waenee katika mawe na mchanga, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti na halafu nitrati. Mtu asiyengoja bakteria hao anamtia mgeni katika nyumba isiyo na choo.

Habari ya mfuko pia inataka akili, na hapa wanafunzi wa Kemia watanielewa upesi. Samaki akiwa safarini, pumzi yake hujaza kabonidayoksaidi katika maji ya mfuko, na maji hayo huwa na uasidi kidogo. Uasidi huo hufanya amonia iliyomo isiwe kali sana. Ukifungua mfuko, kabonidayoksaidi hutoka, uasidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kali. Kwa hiyo kukawia mno ni kosa, kama vile kuharakisha mno ni kosa. Sisi tuliuelea mfuko ukiwa umefungwa dakika ishirini ili joto lilingane. Kisha tukafungua, tukaongeza kikombe kimoja cha maji yetu kila baada ya dakika chache, kwa muda wa nusu saa. Halafu tukamtoa samaki na kumwaga maji ya mfuko nje. Taa zote zilikuwa zimezimwa, na waliokuwamo chumbani walikuwa watu watatu tu. Wanne walikataliwa mlangoni, mmoja wao ni rafiki yangu, na mpaka leo hajanisemesha vizuri.

Hatukumtia katika tangi kubwa. Tulimtia kwanza katika beseni la lita arobaini, peke yake, majuma matatu, ili kama ana ugonjwa usiwafikie wengine. Ndani ya beseni tuliweka vipande viwili vya bomba la maji la plastiki, upana wa inchi moja. Mtu akivitazama ataona takataka. Mwali aliona nyumba. Aliingia katika kimoja kabla sijaondoa mkono wangu, na hatukumwona tena siku nne.

Nakiri kwamba siku hizo nne zilinichoma moyo. Kila asubuhi nilitamani kuinua lile bomba nimwone kama yu hai. Usiku wa siku ya nne umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, na maji yasiyochezwa hupungukiwa na oksijeni. Tulikaa zamu, tukichota maji kwa jagi na kuyarudisha polepole kandokando ya beseni, ili yasimwangukie. Mwalimu akatusimulia kwamba katika miaka ya 1840 bibi mmoja wa London, Anna Thynne, aliyefuga matumbawe nyumbani kwake, alikuwa na mtumishi wa kike wa kuyamimina maji huku na huku ili yapate hewa. Tukaona kwamba hatukuvumbua kitu, ila angalau yule mtumishi hakuwa na mtihani wa Hisabati kesho yake.

Siku ya tano niliona pua. Siku ya sita tulitia uduvi wabichi, waliosafishwa kwa maji ya bahari na kukatwa vipande vidogo sana, tukawaachia pale ambapo maji ya pampu hupita, wachukuliwe na mkondo mbele ya mdomo wa bomba. Jambo hili ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mwali hafuati chakula kilicholala chini; amezoea kuletewa na maji. Chakula kikilala mchangani huoza, huongeza amonia, na mtu aliyemwaga kikombe kizima kwa huruma amemwekea mgonjwa sumu kitandani. Kipande cha tatu kilipita karibu. Kichwa cheupe kikatoka, kikadaka, kikarudi. Basi. Ilikuwa chini ya sekunde moja, na sisi watatu tuliokuwapo tulishikana mikono kimya kimya kama watu waliopata habari ya kufaulu.

Kumhamisha kulikuwa rahisi, na hii ni hila nzuri ambayo napenda wengine waijue. Samaki aliyezoea bomba hakimbii wavu, kwa sababu hatuhitaji wavu. Tuliziba ncha mbili za bomba kwa viganja, tukainua bomba na samaki wake, tukavipeleka pamoja katika tangi kubwa. Alihama na nyumba yake.

Lakini huko kulikuwa na wenyeji. Wale visamaki vitatu vyeupe vyenye mistari mitatu myeusi, Dascyllus aruanus, ambavyo mwenzetu anavidharau, ni vidogo lakini vina wivu wa kiwanja kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka. Kila kimoja kina jiwe lake. Mgeni akiingia humfukuza toka pembe hii hadi ile, asipate kula wala kupumzika. Kwa hiyo kabla ya kumleta Mwali tulibadilisha mpangilio wa mawe yote. Kila mwenyeji akawa mgeni siku hiyo, akawa na shughuli ya kutafuta mahali pake mwenyewe. Halafu Mwali na bomba lake tukawaweka katika kikapu cha plastiki chenye matundu madogo, ndani ya tangi, siku mbili. Wenyeji walikuja kukipiga kikapu kwa vichwa, wakachoka. Siku ya tatu tukalishibisha kundi lote kwanza, tukazima taa, ndipo tukamfungulia. Upande wa mbele wa kioo tulibandika karatasi nyeusi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoleta maneno. Wengine walisema tumegeuza tangi la shule kuwa letu. Wengine walishauri aletwe Mwali wa pili amwondolee mwenzake upweke. Shauri hili lina huruma lakini si la kufuata, maana wakubwa wawili wa aina hii wasiokuwa jozi wakifungiwa mahali padogo hupigana mpaka mmoja afe. Linalosaidia ni samaki wapole wa aina nyingine wanaoogelea wazi. Mwoga akiona wengine wanapita bila kudhurika, naye huthubutu. Wako pia waliotaka tuondoe lile bomba kwa kuwa linaharibu sura ya tangi. Hao niliwaonyesha ukurasa wa tatu wa daftari.

Hoja moja naiheshimu, nayo ilitoka kwa mwalimu mmoja. Alisema kujificha kwaweza kuficha ugonjwa. Je, tukimwacha mpaka afe ndani, tutasema tulimheshimu? Ni kweli, kumwacha si kumsahau. Tulikuwa tukimchungulia usiku kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kwa sababu samaki wengi wa matumbawe hawaoni vizuri mwanga mwekundu. Tulitazama kama anapumua kwa utulivu, kama mapezi yake ni mazima, kama kuna madoa, kama chakula kinapungua. Samaki anayejificha huku anapumua polepole na kuchungulia hana neno. Samaki anayetweta karibu na uso wa maji, au mwenye vidonda, au aliyepitisha juma zima bila kula kitu chochote, huyo sharti asaidiwe, na kwanza kabisa yapimwe maji.

Niongeze onyo moja, ingawa si la hofu, kwa kuwa nusura litugharimu. Tulipotafuta kitu cha kufunika tangi ili Mwali asiruke, mwenzetu mmoja alileta kwa nia njema chandarua kikuukuu cha bwenini. Ilikuwa bahati kwamba Mwalimu alikiona mapema. Vyandarua vya siku hizi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hizo ni sumu kali mno kwa samaki na kwa kamba, hata kwa kiasi kidogo sana. Tulitumia wavu wa plastiki wa dirishani, mpya, tukaukaza katika fremu ya mbao. Kwa sababu hiyo hiyo dawa ya mbu haipulizwi tena katika maabara, na anayetia mkono tangini hunawa kwa maji matupu, bila sabuni.

Sasa nirudi kwa wazazi wetu. Najua walichanga fedha, na mtu aliyechanga apenda kuona. Sisemi wafungiwe mlango. Lakini nauliza, tangi hili liliwekwa kwa ajili gani? Kama liliwekwa ili kuwe na rangi nzuri Siku ya Wazazi, basi afadhali tubandike picha. Picha haifi, wala haili uduvi. Kama liliwekwa ili tujifunze jinsi kiumbe anavyoishi, basi kujificha kwake ni sehemu ya somo, na siku zile kumi na moja alizokaa bila kutoka nje katika tangi kubwa nilijifunza zaidi kuliko siku ile ya Oktoba nilipomwanika mbele ya watu mia mbili. Kwenye meza iliyo mbele ya karatasi nyeusi tutaweka daftari. Mzazi atasoma saa na siku, kiasi cha chumvi, joto la maji, vipande alivyokula, na makosa yetu pia. Naamini mzazi aliyepata kulea mtoto mchanga hatahitaji maelezo marefu.

Mwali mwenyewe sasa hutoka kila siku. Aliye na shaka na apite wakati wa kulisha, saa tisa na nusu alasiri. Atamwona anaelea juu ya bomba lake, ambalo siku hizi limeota mwani hata halionekani kuwa bomba, mwiba wake ukicheza juu na chini.

Mgeni atakayekuja mwezi wa Oktoba ni wa aina nyingine, Centropyge acanthops, samaki mdogo wa buluu mwenye uso na mgongo wa rangi ya chungwa, mzaliwa wa upande huu huu wa Bahari ya Hindi. Hukaa katikati ya vipande vya matumbawe, akidonoa mwani, na kwa uoga hapitwi sana na Mwali. Beseni liko tayari, mawe yenye mwani yamo, na bakteria wana umri wa majuma matano. Siku ya Wazazi atakuwa na siku saba tu tangu afike, kwa hiyo hataonyeshwa. Nimekwisha kumwomba Mkuu wa Shule ruhusa, naye amesema atafikiri.

Atakayetaka kumwona kabla ya hapo, na amwambie mmoja wetu sisi watano. Tutampa zamu ya usiku na tochi nyekundu. Avue viatu mlangoni, akae benchi la nyuma, asiseme, na asitegemee kuona kitu usiku wa kwanza.